Spika Moja, Aplikesheni Tatu: Mwongozo Kamili wa Kugawana Sauti Kwenye Redio ya Android ya Gari

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale, kinachobadilika ni gari tu. Basi linakaribia Shekilango, aplikesheni inatangaza kituo, muziki unazima, kisha haurudi mpaka dereva anyooshe mkono na kubonyeza tena. Au muziki hauzimi kabisa, abiria wanasikia kwaya na "kituo kinachofuata" kwa mkupuo mmoja. Au simu ya mwenye gari inaingia, na aplikesheni inaendelea kutaja vituo juu ya maneno ya tajiri.

Spika ni zilezile, wanaozitaka ni watatu: muziki, tangazo na simu. Wengi wanaonitumia misimbo yao wamejaribu kutatua hili kwa kuongeza sauti ya tangazo. Haisaidii. Tatizo ni mpangilio wa nani anasema na nani anasubiri.

Mfano humu ni aplikesheni ya kutangaza vituo kwenye basi. Ukiwa unaandika ya teksi inayosoma maelekezo ya njia, au ya lori inayomwonya dereva kuhusu mwendo, fuata hatua hizohizo. Kile ambacho nyaraka za Android zinakiita audio focus, mimi nitakiita zamu, kwa sababu ndivyo kinavyofanya kazi: unaomba zamu, unasema, unairudisha.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye Android Studio, pamoja na `adb`, zana ya kutuma amri kwenye kifaa, iliyomo ndani yake.
- Emuleta mbili, yaani vifaa vya kuigiza ndani ya kompyuta: moja ya simu ya kawaida na moja ya Android Automotive. Zote zinapakuliwa ndani ya Android Studio.
- Redio halisi ya gari ambayo aplikesheni itafungwa. Emuleta haitoshi, utaona sababu huko mbele.
- Kicheza muziki chochote unachokiamini, kiwe mshindani wako wakati wa majaribio.
- Sauti ya kutangazia: injini ya kusoma maandishi, au vipande vilivyorekodiwa. Binafsi napenda vya kurekodi. Mtu aliyezaliwa Manzese hutamka "Mwembechai" vizuri kuliko mashine yoyote niliyoisikia. Mifano humu hata hivyo inatumia injini, kwa kuwa ndiko watu wanakokwama zaidi.

Kotlin unaijua kidogo, nachukulia hivyo.

## Hatua ya 1: Jua redio yako ni ya ukoo gani

Redio nyingi tunazofungiwa kwenye magari yaliyotumika ni tableti iliyovaa sura ya redio. Ndani yake mna Android ileile ya simu. Android Automotive ni nyingine: mfumo uliojengwa ndani ya gari tangu kiwandani, unaozungumza na gari lenyewe. Wala usiichanganye na Android Auto, ambayo inaendeshwa na simu yako na kutumia kioo cha gari kama dirisha.

Unganisha kebo, kisha andika:

```
adb shell "pm list features | grep automotive"
```

Ukipata mstari wenye `android.hardware.type.automotive`, uko kwenye Automotive. Usipopata kitu, ni Android ya kawaida. Alama za kunukuu zisisahaulike: zinafanya utafutaji ufanyike ndani ya redio, hivyo amri inafanya kazi hata kwenye Windows.

Mifumo hii miwili inagawa zamu kwa sheria tofauti, na msimbo uleule utajibiwa tofauti. Nusu ya "kwangu inafanya kazi, kwa mteja haifanyi" inaanzia hapa.

## Hatua ya 2: Elewa anayepanga foleni

Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye Android ya kawaida hakuna cheo. Aliyeomba mwisho ndiye anayepewa, aliyekuwa nayo anaarifiwa kwamba imemtoka. Simu ndiyo pekee yenye upendeleo: ikilia au ikiwa hewani, maombi ya wengine yote yanakataliwa mpaka iishe.

Tena ni makubaliano ya waungwana. Aplikesheni isiyoomba zamu inaweza kupiga sauti yake juu ya wengine na mfumo hautaizuia. Ukisikia kwaya na tangazo kwa pamoja, mara nyingi kuna mmoja ambaye hakuomba. Angalia kwanza kama si wewe.

Android Automotive ina jedwali. Kila sauti inawekwa kwenye kundi lake: muziki, uelekezaji, amri ya sauti, mlio wa simu, mazungumzo ya simu, kengele, arifa, dharura, usalama na mengineyo. Ombi linapofika, mfumo unatazama kundi la anayeshika zamu na kundi la anayeomba, kisha unatoa jibu moja kati ya matatu:

- Mfukuze aliyepo. Muziki unapigwa, simu inaingia: muziki unanyang'anywa zamu.
- Kataa ombi. Simu iko hewani, muziki unataka kuanza: hapana.
- Waache pamoja. Muziki unapigwa, sauti ya uelekezaji inaomba: wote wanaendelea, muziki ukiwa chini.

Umeona kilichokosekana? Hakuna mahali aplikesheni inapojipa namba ya kipaumbele. Unachotaja ni aina ya sauti yako na muda unaoitaka, mfumo ndio unaopanga. Vijana wengi wanahangaika kutafuta pa kuandika "kipaumbele = 1". Hapapo, na ni heri, kwa sababu kila mmoja angejiandika wa kwanza.

Usijaribu pia kujitangaza kuwa sauti ya dharura au ya usalama. Makundi hayo yanahitaji kibali cha mfumo ambacho aplikesheni ya kupakua dukani haipewi.

## Hatua ya 3: Chagua ukubwa wa ombi lako

Kuna maombi manne, na kosa la kwanza la karibu kila msimbo niliotumiwa ni kuchagua lililo kubwa mno.

`AUDIOFOCUS_GAIN` ni kuchukua zamu bila kikomo. Ni ya kicheza muziki. Aliyekuwepo anaambiwa imemtoka moja kwa moja, na kicheza muziki chenye adabu kikiambiwa hivyo kinasimama na hakijiwashi tena. Ndiyo siri ya muziki usiorudi: tangazo la sekunde nne liliomba zamu ya milele.

`AUDIOFOCUS_GAIN_TRANSIENT` ni ya muda. Mwingine asimame, nikimaliza aendelee.

`AUDIOFOCUS_GAIN_TRANSIENT_MAY_DUCK` ni ya muda pia, ila mwingine anaruhusiwa kuendelea kwa sauti ya chini. Tangazo la kituo linataka hii.

`AUDIOFOCUS_GAIN_TRANSIENT_EXCLUSIVE` inataka ukimya kabisa, kwa mfano wakati wa kurekodi sauti. Huihitaji.

Aina ya sauti iwe `USAGE_ASSISTANCE_NAVIGATION_GUIDANCE`, yaani uelekezaji. Kituo kinachofuata ni uelekezaji hasa, hujadanganya mtu.

## Hatua ya 4: Tengeneza ombi mara moja tu

```kotlin
private val sifa = AudioAttributes.Builder()
    .setUsage(AudioAttributes.USAGE_ASSISTANCE_NAVIGATION_GUIDANCE)
    .setContentType(AudioAttributes.CONTENT_TYPE_SPEECH)
    .build()

private val msikilizaji =
    AudioManager.OnAudioFocusChangeListener { badiliko ->
        if (badiliko < 0) nyamaza()
    }

private val ombi = AudioFocusRequest.Builder(
        AudioManager.AUDIOFOCUS_GAIN_TRANSIENT_MAY_DUCK)
    .setAudioAttributes(sifa)
    .setOnAudioFocusChangeListener(msikilizaji)
    .build()
```

Viweke nje ya kitendakazi cha kutangaza, viishi muda wote wa huduma yako. Mfumo unakutambua kwa msikilizaji. Ukiunda msikilizaji mpya kila tangazo, unaporudisha zamu kwa ombi jipya mfumo unaona mgeni, na ombi la zamani linabaki limekalia kiti. Baada ya vituo kumi una viti kumi visivyo na mtu.

`AudioFocusRequest` ilikuja na Android 8.0. Redio yenye toleo la chini ya hapo itakulazimu kutumia njia ya zamani ya kuomba. Na usiamini toleo linaloandikwa kwenye boksi la redio, wala kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Uliza `adb shell getprop ro.build.version.sdk`: jibu liwe 26 au zaidi.

Hatua hii ikikamilika hutasikia chochote kipya. Ni sawa.

## Hatua ya 5: Omba, sema, rudisha

Kwanza iambie injini ya kusoma itumie sifa zilezile: `tts.setAudioAttributes(sifa)`. Usipofanya hivyo, ombi lako linasema "uelekezaji" lakini sauti yenyewe inasafiri kama muziki. Kwenye Automotive, ambako kila kundi linaweza kuwa na kitufe chake cha sauti, dereva atapunguza muziki na kukuta amepunguza na tangazo.

```kotlin
fun tangaza(maneno: String) {
    val jibu = sauti.requestAudioFocus(ombi)
    if (jibu != AudioManager.AUDIOFOCUS_REQUEST_GRANTED) return

    kipima.postDelayed(saaYaUsalama, 15_000)
    val hali = tts.speak(maneno, TextToSpeech.QUEUE_ADD, null, "kituo")
    if (hali == TextToSpeech.ERROR) rudishaZamu()
}

fun rudishaZamu() {
    kipima.removeCallbacks(saaYaUsalama)
    sauti.abandonAudioFocusRequest(ombi)
}

fun nyamaza() {
    tts.stop()
    rudishaZamu()
}
```

`sauti` ni `AudioManager`, `tts` ni injini ya kusoma, `kipima` ni `Handler`, na `saaYaUsalama` ni kipande kinachoita `nyamaza()` na basi.

Sasa, `rudishaZamu()` inaitwa wapi? Kwenye `UtteranceProgressListener`, na si sehemu moja bali tatu: `onDone`, `onError` na `onStop`. Watu huweka ya kwanza na kusahau mbili. Siku injini inaposhindwa kusoma neno, zamu haitarudi, na muziki utabaki ukinong'ona safari nzima.

Mitego mingine mitatu ya hatua hii:

Ile `"kituo"` mwishoni mwa `speak` ni kitambulisho cha usemi. Ukiweka `null`, injini itasema vizuri kabisa lakini haitakuarifu kwamba imemaliza.

Taarifa hizo haziji kwenye uzi mkuu wa aplikesheni. Ukitaka kugusa kioo kutoka humo, pitia `Handler`.

Ile saa ya sekunde 15 si mapambo. Injini ya kusoma ni aplikesheni nyingine, na inaweza kuuawa na mfumo kumbukumbu ikibana, jambo la kawaida kwenye redio za bei nafuu. Ikifa katikati ya neno, ni saa hiyo tu itakayorudisha zamu. Weka muda mrefu kidogo kuliko tangazo lako refu kuliko yote.

Ukifanikiwa: muziki unashuka, "Kituo kinachofuata, Urafiki" inasikika, muziki unapanda bila mtu kugusa kitu. Tangazo likianza kabla muziki haujashuka sawasawa, na "Kituo" ikamezwa, subiri kama robo sekunde kati ya kupewa zamu na kusema.

## Hatua ya 6: Kubali kunyang'anywa

Kwenye msikilizaji wetu, taarifa zote za kupoteza zamu ni namba hasi, ndiyo maana `badiliko < 0` inatosha. Kwa tangazo fupi sioni haja ya kutofautisha. Umenyang'anywa, nyamaza.

Kicheza muziki hakiwezi kuwa mvivu hivyo. Kama unaandika na cha kwako:

- `AUDIOFOCUS_LOSS`: simama, rudisha zamu, usijiwashe tena mpaka mtu abonyeze.
- `AUDIOFOCUS_LOSS_TRANSIENT`: simama kwa muda, ukiletewa `AUDIOFOCUS_GAIN` endelea.
- `AUDIOFOCUS_LOSS_TRANSIENT_CAN_DUCK`: punguza sauti. Kuanzia Android 8.0 mfumo unakupunguzia wenyewe, mara nyingi hata hutaarifiwa. Ukicheza mawaidha, mahubiri au kitabu cha kusikiliza, weka `setWillPauseWhenDucked(true)` usimame badala ya kushuka, kwani maneno mawili kwa wakati mmoja hayasikiki lolote.

Ukitumia ExoPlayer, kicheza sauti cha maktaba ya Media3, mpe `setAudioAttributes(sifaZaMuziki, true)` na yote haya atayabeba. Ila hiyo `true` inakubalika kwa sauti za aina ya muziki na michezo tu. Ukimpa sifa za uelekezaji, aplikesheni inaanguka palepale. Vipande vya kurekodi vya vituo utaviombea zamu kwa mkono, kama Hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Panga foleni ya ndani

Mpaka sasa mfumo umepatanisha aplikesheni na aplikesheni. Ila ndani ya yako mna sauti zaidi ya moja: "Shikeni vizuri", jina la kituo, na lile tangazo la duka ambalo mwenye basi analipwa. Hapa ndipo namba ya kipaumbele inapopata kazi, na unaiandika wewe.

Tumia `PriorityQueue`. Mimi naweka 0 kwa tahadhari, 1 kwa kituo, 2 kwa biashara. Kila kipengele kibebe vitu viwili zaidi.

Cha kwanza, namba ya kuingia. `PriorityQueue` haiahidi kwamba wenye cheo sawa watatoka kwa mpangilio walioingia. Usipoweka kaunta, siku moja Urafiki itatangazwa kabla ya Shekilango na abiria atashuka pasipo pake.

Cha pili, muda wa kuisha. Jina la kituo kilichopita halina faida kwa mtu, ni kero. Kabla ya kusema, angalia saa au mahali gari lilipo, kilichopitwa kitupe. Matangazo ya biashara nayo yatarundikana nyuma ya vituo kwenye njia yenye vituo vya karibukaribu, kisha yatamwagika yote kwa pamoja kwenye foleni ya magari. Yape muda wa kuisha, na useme moja tu kati ya kituo na kituo. Mwenye basi atalalamika. Mwonyeshe hesabu.

Sema kimoja kwa wakati, subiri `onDone`, ndipo utoe kinachofuata. Usitumie `QUEUE_FLUSH` kukatisha: usemi uliokatwa utaleta `onStop`, `onStop` itarudisha zamu, wakati usemi mpya tayari umeanza. Utapata tangazo linalosikika chini ya muziki uliopanda, na utalitafuta kosa hilo wiki nzima. Nililitafuta. Tahadhari ikilazimika kukatisha, ita `tts.stop()`, ngoja `onStop` ifike, kisha anza upya.

## Hatua ya 8: Amua la kufanya ukikataliwa

Msimbo wetu unasema `return` na kunyamaza. Kwa tangazo la kituo naona ndivyo ilivyo sahihi. Onyesha jina kwenye kioo, songa mbele.

Kuna `setAcceptsDelayedFocusGain(true)`, inayomaanisha "sasa huwezi kunipa, nitunzie nafasi". Mfumo unakujibu `AUDIOFOCUS_REQUEST_DELAYED`, na simu ikiisha unaletewa `AUDIOFOCUS_GAIN`. Ni nzuri kwa muziki ulioombwa wakati simu iko hewani. Kwa tangazo haifai: itakuletea zamu vituo viwili mbele. Ukiitumia, msikilizaji lazima awepo, la sivyo `build()` inatupa kosa.

Kuna kukataliwa kwingine kusikohusu simu. Aplikesheni inayolenga Android 15 haipewi zamu kama haiko mbele ya kioo au haina huduma ya mbele, ile inayoonyesha arifa muda wote ikiendeshwa. Basi lina ramani kioo kizima, wewe uko nyuma: ombi linarudi `AUDIOFOCUS_REQUEST_FAILED`. Kwa kuwa mtangazaji wa vituo anafuatilia mahali gari lilipo, huduma ya mbele ya aina ya `location` ndiyo inayomfaa. Ianzishe dereva anapobonyeza "Anza safari", aplikesheni ikiwa bado mbele.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa kugombanisha makusudi

Anza na emuleta ya simu. Washa muziki, achia tangazo, kisha tazama nani ameketi:

```
adb shell dumpsys audio
```

Tafuta sehemu ya rundo la zamu, karibu na mwanzo. Wa mwisho kwenye orodha ndiye mwenye zamu. Wakati wa tangazo, jina la kifurushi chako liwe la mwisho. Sekunde moja baada ya tangazo, lisiwepo kabisa. Likiwepo bado, rudi Hatua ya 5. Yakiwepo mawili, Hatua ya 4.

Sasa leta simu katikati ya tangazo:

```
adb emu gsm call 123456
```

Tangazo likatike. Achia jingine simu ikiwa inalia: likataliwe. Maliza kwa `adb emu gsm cancel 123456`, muziki urudi wenyewe.

Kwenye emuleta ya Automotive, jedwali na wenye zamu unawaona hapa:

```
adb shell dumpsys car_service --services CarAudioService
```

Na hapa ndipo wengi huniandikia wakidhani wameharibu. Kwenye Automotive, uelekezaji na simu vinaruhusiwa pamoja, kwa hiyo ombi la kituo litakubaliwa hata simu ikiwa hewani, wakati Android ya kawaida ililikataa. Dereva naye anaweza kuwa na mpangilio wa kuzuia uelekezaji wakati wa simu, na hapo litakataliwa tena. Majibu yote matatu ni halali. Kama hutaki kamwe kusema juu ya simu, kagua `AudioManager.getMode()` kabla ya kuomba: ikiwa `MODE_RINGTONE`, `MODE_IN_CALL` au `MODE_IN_COMMUNICATION`, usiombe.

Mwisho, redio halisi, na simu ya dereva ikiwa imeunganishwa kwa Bluetooth. Usidhani itafanana na emuleta. Simu ya Bluetooth kwenye redio hizi hupitia programu ya mtengenezaji, na si kila mtengenezaji anaomba zamu inavyotakiwa. Piga simu, achia tangazo, sikiliza. Tangazo likipita juu ya mazungumzo, tazama `dumpsys audio` simu ikiwa hewani: kama hakuna aliyeomba zamu kwa ajili ya simu, wala hali ya `getMode()` haijabadilika, kosa si lako na msimbo wako hautalirekebisha. Mwekee dereva kitufe kikubwa cha kunyamazisha matangazo, mahali kidole gumba kinapofika bila kutazama.